Baada ya Moto wa Endarasha

Ndugu zetu wa Majengo, Nyeri, wanaishi katika kaunti iliyopoteza wavulana 21 kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024. Taifa liliomboleza siku 3. Novemba yake, serikali iliamuru shule 348 za msingi zifunge mabweni yasiyo salama.

Matanga huanuliwa, walionusurika hubaki na hofu ya usiku, nao wahitaji wa kuwasikiliza. Nasi tulio na wana bwenini, shuleni au madrasani, twende tukakague: madirisha yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje, wala isitiwe kufuli usiku. Tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, kisha tutawakali.