Mtoto Ana Huzuni? Mwache Achore Nyumba

Tuseme mtoto wako wa darasa la tatu amerudi kutoka shule uso umemshuka. Rafiki yake kipenzi amemtenga, au timu yake imefungwa na yeye ndiye aliyekosa penalti. Chai hataki, kuongea hataki. Wewe, mzazi uliyesoma makala mbili tatu za malezi, unamletea karatasi na kalamu za rangi na kumwambia: "Haya mwanangu, nichoree hicho kinachokuumiza. Kitoe moyoni."

Nia ni njema kabisa. Ila kwa wakati ule, huenda umempa zoezi ambalo halitamtuliza.

Wengi wetu tunaamini kwamba hisia ni kama uji unaofoka jikoni: usipofunua mfuniko utamwagika. Kwa hiyo tunadhani kuchora kunamsaidia mtoto kwa sababu kunafunua mfuniko. Mwaka 2013 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Jennifer Drake na Ellen Winner, walichapisha utafiti uliolijaribu wazo hilo kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Kila mtoto aliombwa kwanza akumbuke tukio lililomvunja moyo. Baada ya hapo watoto waligawanywa. Wengine walichora tukio lenyewe, wengine walichora nyumba, na wengine walinakili mchoro uliokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Hali yao ya moyo ilipimwa kabla na baada.

Waliochora nyumba ndio waliochangamka zaidi. Nyumba tu, jamani! Wakawazidi waliochora machungu yao, wakawazidi pia walionakili.

Hilo kundi la walionakili usilipite haraka, maana lina jambo la kutufundisha. Kama siri ingekuwa ni kuushughulisha mkono tu, basi kunakili kungetosha. Lakini mtoto anayebuni nyumba yake ana maamuzi ya kufanya: mlango ukae wapi, dirisha liwe na nondo au pazia, mwembe uwe upande gani, na kuku je, atawekwa? Akili ya binadamu ina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, na ya mtoto ni ndogo zaidi. Nafasi hiyo ikijaa madirisha na kuku, ile penalti inakosa pa kukaa. Anayechora penalti yenyewe anafanya kinyume chake. Analiangalia goli tena, anawachora tena wenzake wakimcheka, tena kwa rangi.

Sasa tushuke mwilini kidogo. Mtoto akiogopa au akikasirika, ubongo unautangazia mwili hatari. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, na baadaye kidogo homoni ya kotisoli. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga na kupima maneno, haifanyi kazi vizuri. Ndiyo maana ukimuuliza mtoto anayelia kwa kwikwi "kwani tatizo ni nini?" anazidi kulia. Hakufanyii kiburi. Maneno hana kwa dakika hizo.

Katika mfumo huo wote kuna kitu ambacho mtoto anaweza kukiongoza mwenyewe kwa makusudi, nacho ni pumzi. Weka kidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono wako sasa hivi, vuta hewa, halafu itoe taratibu sana. Ukiwa makini utahisi mapigo yanaharakisha kidogo unapovuta na yanapungua kasi unapotoa. Anayefanya hivyo ni neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ambao hufanya kazi kama breki. Ukirefusha kutoa pumzi unaikanyaga ile breki. Mwaka 2021 Jelena Obradović na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya jaribio kwa watoto zaidi ya 300 wa miaka saba, na hawakuwaita maabara: waliwapata kwenye maeneo ya kawaida ya watoto, kama viwanja vya kuchezea. Video fupi iliwaongoza kuvuta pumzi chache, nzito na za polepole. Mapigo ya moyo yalishuka ukilinganisha na watoto walioangalia video nyingine isiyohusu pumzi.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza ni pumzi kwanza, mchoro baadaye, maneno mwisho kabisa. Na pumzi yenyewe unaweza kuigeuza mchoro. Mtoto aweke kiganja juu ya karatasi, vidole vimeachana, azungushe penseli kufuata umbo lake. Halafu kwa kidole cha mkono wa pili apite juu ya mstari ule polepole: akipanda kidole anavuta pumzi, akishuka anatoa. Vidole vitano, pumzi tano. Mtoto wa chekechea anaweza, na mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani anaweza kulifanya na darasa zima kwa chini ya dakika mbili.

Vipi kuhusu vile vitabu vya kupaka rangi ambavyo siku hizi vimejaa madukani na vinadai "vinaondoa msongo"? Havidanganyi moja kwa moja, ila vinatia chumvi. Mwaka 2005 Nancy Curry na Tim Kasser waliwatia wasiwasi kidogo wanafunzi 84 wa chuo, kisha wakawagawa: wengine wakapaka rangi duara lenye nakshi nyingi, wengine vibao kama vya shuka la Kimasai, wengine wakapewa karatasi tupu. Duara na vibao vilipunguza wasiwasi kuliko karatasi tupu. Inaonekana mtu aliyevurugika anasaidiwa na mipaka kidogo: kazi isiwe rahisi hadi akili itangetange, wala isiwe wazi mno hadi akwame. Ndiyo maana "chora chochote" ni agizo gumu kwa mtoto aliyekasirika, na "chora nyumba ambayo ungependa kukaa" ni jepesi. Kumbuka tu kwamba wale walikuwa vijana wa chuo, sio watoto. Na ukikutana na ile habari inayozunguka mitandaoni kwamba dakika 45 za sanaa zinashusha kotisoli, chanzo chake ni utafiti wa Girija Kaimal na wenzake wa mwaka 2016. Ulikuwa na watu wazima 39, na kotisoli kwenye mate ilishuka kwa takriban robo tatu yao. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha ambalo lilikaa dakika 45 bila kuchora, kwa hiyo huwezi kujua ni kiasi gani kimeletwa na sanaa na kiasi gani kimeletwa na kukaa kwa utulivu tu.

Hadi hapa nimeongelea huzuni za kawaida. Mtoto aliye ndani ya balaa lenyewe je?

Kuna mwalimu mmoja ambaye kila anayesomea fani hii hukutana na jina lake. Friedl Dicker-Brandeis alikuwa msanii Myahudi kutoka Vienna, aliyesoma katika shule maarufu ya sanaa ya Bauhaus huko Ujerumani. Mmoja wa walimu wake, Johannes Itten, alikuwa akianza vipindi kwa mazoezi ya kupumua na kunyoosha viungo kabla mwanafunzi hajashika kalamu. Desemba 1942 Wanazi walimpeleka kambi ya Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wenye kikomo cha uzito. Sehemu ya mzigo wake aliijaza karatasi na rangi.

Kule kambini aliwafundisha mamia ya watoto, wengi wao wakiwa wametenganishwa na wazazi, wenye njaa na hofu. Hakuwaamuru wachore njaa. Aliwapa mazoezi ya mdundo, mistari inayofuata mwendo wa mkono na sauti. Aliwapa maua ya kuchungulia, picha za wasanii wakubwa za kuiga kwa karatasi zilizokatwa. Wapo waliochora vitanda vya ghorofa na foleni ya chakula, na hakuwazuia. Lakini sehemu kubwa ya michoro ni nyumba, mabustani, vipepeo, meza iliyoandaliwa chakula. Aliwataka waandike majina yao kwenye kazi zao, mahali ambapo wenye kambi waliwaita kwa namba.

Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz na kuuawa. Wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Kabla ya kuondoka aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo leo inahifadhiwa na Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague. Mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, aliyekuwa amekimbilia Marekani mapema, akawa mmoja wa waasisi wa tiba ya sanaa kwa watoto. Siwezi kukuambia kwamba penseli iliwaokoa watoto wale, kwa sababu haikuwaokoa. Iliwapa saa kadhaa kwa wiki ambazo akili zao zilikuwa mali yao.

Na kama Friedl aliweza kwa karatasi zilizokwisha kutumika, basi tusisubiri maboksi ya rangi za bei mbaya. Chaki na sakafu vinatosha. Mkaa na boksi, kijiti na mchanga, udongo wa mfinyanzi, kusuka ukili, kutunga ushanga: vyote vina ule mdundo wa kurudiarudia na vile vimaamuzi vidogo vinavyoijaza akili.

Jambo la mwisho, na hapa naomba walimu na mashangazi mnisikilize. Acheni kupiga ramli kwa michoro ya watoto. Eti katumia rangi nyeusi, ana majonzi. Eti mtu hana mikono, anapigwa nyumbani. Mara nyingi nyeusi ndiyo rangi pekee iliyobaki kwenye pakiti baada ya mdogo wake kutafuna nyingine. Brian Allen na Chriscelyn Tussey walipitia tafiti zilizokuwepo mwaka 2012 kuona kama michoro inaweza kufichua mtoto aliyefanyiwa ukatili, na hawakupata alama yoyote ya kuaminika. Ukikosea upande mmoja unamtuhumu mtu asiye na hatia. Ukikosea upande wa pili unamwacha mtoto kwenye hatari kwa sababu amechora jua linalotabasamu.

Mchoro unasaidia kwa njia nyingine. Julien Gross na Harlene Hayne wa New Zealand walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto wadogo walioombwa kuchora huku wakisimulia jambo lililowagusa walieleza zaidi ya mara mbili ya walioombwa kusimulia tu. Kwa hiyo mtoto akiamua mwenyewe kuchora kile kilichomuumiza, mwache, kaa karibu, na sema tu, "Nisimulie mchoro wako." Usiulize "huyu ni baba?" Ukishamtajia jina umemlisha jibu, na jibu hilo halitakuwa na msaada hata mbele ya polisi.

Haya yote ni ya kutuliza, sio ya kutibu. Mtoto ambaye kwa wiki kadhaa halali vizuri, ameanza upya kukojoa kitandani, ameacha kucheza au anaongelea kufa, mpeleke hospitali na uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Ukihisi anafanyiwa ukatili, Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya huduma kwa mtoto. Kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kupiga.