Rimu za mtumba: kuhesabu matundu peke yake hakutoshi

Nilikuwa nateremka mlima baada ya kuupita mji wa Muyinga, nikielekea Ngozi. Nyuma kulikuwa na vitenge na sabuni, na akina mama wawili wafanyabiashara niliowachukua Kobero. Ghafla usukani ukaanza kunicheza mkononi. Nikadhani ni pancha. Niliposimama na kushuka, gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na nati mbili tu kati ya nne, na moja kati ya hizo niliizungusha kwa vidole. Mmoja wa akina mama alitazama, akatazama bonde lililokuwa chini yetu, kisha akasema, "Baba, sisi tunatembea kwa miguu kutoka hapa." Sikumlaumu.

Rimu zile nilikuwa nimezinunua siku tatu kabla, mjini Kahama. Rimu yangu moja ya zamani ilipasuka kwenye shimo nisiloliona usiku, nyingine ilikuwa imepinda, na rimu mpya zilinishinda bei. Wengi wetu tuliorudi nyumbani na gari lililochoka kutoka Tanzania tunaijua hesabu hiyo. Muuzaji aliniuliza gari gani, nikamjibu Corolla 110. "Hizi hapa mzee, matundu manne, zinakaa kama zake." Zilikuwa za aloi, zile tunazoziita za spoti, nne kwa bei iliyo chini ya mpya mbili. Na kweli zilikaa. Nati zangu ziliingia hadi mwisho.

Fundi wa Ngozi ndiye aliyenionyesha kosa. Rimu zilikuwa za Honda. Honda ndogo kama Fit zina matundu manne yaliyo kwenye duara la milimita 100, sawa na Corolla yangu, na hata uzi wa nati ni uleule, milimita 12 kwa 1.5. Lakini mahali nati inapokalia, Honda amechonga kama kibakuli cha mviringo. Nati ya Toyota ya rimu ya chuma ina kichwa kilichochongoka kama pia. Ukiikaza kwenye kibakuli inagusa ukingo mwembamba tu, na baada ya kilometa kadhaa za mtikisiko inalegea. Na Toyota mwenyewe ana aina nyingine kwa rimu zake nyingi za aloi, nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Kwa hiyo rimu za aloi za Toyota nazo hazitaki nati zako za rimu ya chuma. Ukinunua rimu, ulizia na nati zake.

Kosa la pili lilikuwa tundu la katikati. Habu ya Corolla yangu ni milimita 54.1, na rimu ya Honda ina 56.1. Milimita mbili unaweza kuziona si kitu, lakini gurudumu halikai katikati sawasawa na usukani hutetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu. Zipo pete za kujaza nafasi hiyo na si ghali. Tundu likiwa dogo kuliko habu, rimu haiingii kabisa, na anayekuambia atalipanua kwa tupa mwache na tupa yake.

Sasa, wengi wetu tunanunua ng'ambo ya mpaka gari likiwa limebaki nyumbani. Fanya hivi. Vua gurudumu, chukua kipande kigumu cha boksi, kikandamize kwenye bolti za habu mpaka zitoboe, kisha kata na duara la katikati. Kikunje, kitie mfukoni. Ukifika sokoni unakibandika juu ya rimu, na hakuna ubishi. Bora zaidi, beba rimu ya zamani yenyewe, hata kama konda wa basi atanung'unika.

Kama una tepu tu, kwa matundu manne au sita pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalotazamana nalo. Kwa matundu matano hakuna linalotazamana, hivyo ruka tundu moja. Ukipata karibu milimita 95, hiyo ni rimu ya 100, ya Premio na Allion. Ukipata karibu 109, ni ya 114.3, ya Noah na RAV4. Bluebird za zamani zina matundu manne, lakini ni 114.3, hazikai kwenye Corolla. Hilux ya kuvuta miguu yote ina sita kwa 139.7. Nissan, hata duara likilingana, uzi wa nati zake ni 1.25, usilazimishe nati ya Toyota kwenye bolti ya Nissan, utaharibu vyote viwili.

Geuza rimu utazame mgongoni. Kuna maandishi kama 14x5½ na namba kama 45 au ET45. Hiyo inaeleza rimu imeingia ndani kiasi gani. Namba ikipungua sana kuliko ya kwako, gurudumu linatoka nje, linakwangua bodi ukipakia na beringi zinachoka mapema. Ikizidi sana, linagusa shokomzoba.

Ufa pia hujificha huko mgongoni, kwenye ukingo wa ndani. Chuma kilichopinda kinaweza kugongwa kikanyooka; aloi iliyochomelewa mimi siichukui hata kwa zawadi. Ikija na tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Kuhusu forodha, nimewasikia wenzetu wakidhani cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, kinafunika kila kitu. Kinahusu bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Rimu iliyotoka Japani haimo, hata ukiinunulia Kahama. Dai risiti ya mashine, itakusaidia wakati wa kukadiriwa.

Ukishafunga, kaza kwa kuruka, nati hii kisha ya upande wa pili. Corolla inataka Nm 103, sawa na kuning'iniza kilo 10 na nusu kwenye mwisho wa spana ya mita moja. Rudia baada ya kilometa 50 hadi 100. Mimi sikurudia.

Zile za Honda niliziuza Kobero kwa mwenye Fit. Nilipoanza kumweleza habari za nati, alitoa mfuko wa plastiki, ndani zikiwa kumi na sita, zote za mviringo.