Ua wa Kumzuia Ayala

Mwenye kulima bustani katika majimbo ya mashariki ya Marekani aghalabu huamka akakuta maharage yake yameliwa vichwa, na kabla hajakata shauri la kujenga ua yampasa kwanza kumtambua mlaji. Kwani sungura, mwenye meno makali juu na chini, hukata shina kwa mshazari kana kwamba limepitiwa na kisu, ilhali ayala, ambaye kama mbuzi hana meno ya mbele katika taya la juu, hulibana jani baina ya meno ya chini na ufizi mgumu, kisha hulinyofoa, akaacha ncha iliyochanika nyuzinyuzi.

Ayala huyu wa mkia mweupe, ambaye kwa umbo afanana na kulungu, ila pembe za dume huanguka na kuota upya kila mwaka, alikuwa karibu kutoweka mwanzoni mwa karne ya 20 kwa wingi wa bunduki. Baadaye sheria za uwindaji zikamhifadhi, mbwamwitu waliomla walikuwa wamekwisha kuuawa, na vitongoji vya miji vikamwandalia mawaridi na mboga pembezoni mwa misitu, hata leo idadi yake yakadiriwa kufikia milioni 30 hivi.

Wengi hudhani kwamba dawa ni kimo cha ua peke yake, na ni kweli kwamba ayala mzima aweza kuruka mita 2.4, ndiyo sababu wavu wa kimo hicho husifiwa na mafundi. Lakini gharama yake ni kubwa, na kwa maoni yangu mwenye bustani ndogo hana haja ya kuingia katika madeni, maadamu aijua tabia ya mnyama. Ayala hapendi kurukia mahali asipopaona. Kwa hiyo ua wa mbao usiopenyeza macho, wenye mita 1.8 tu, mara nyingi humrudisha. Nyua mbili za mita 1.2, zilizosimama sambamba kwa masafa kama hayo, nazo humtatiza, kwa kuwa aweza kuruka juu, na aweza kuruka mbali, ila yote mawili kwa mruko mmoja humshinda.

Kosa nilionalo mara nyingi liko chini. Ayala akiona uwazi chini ya wavu hupenda kupenya kuliko kuruka. Basi wavu na ufike udongoni, ukingo wake ukunjwe kuelekea nje na kubanwa kwa vigingi. Mwenye waya wa umeme hupaka siagi ya karanga kwenye vipande vya karatasi ya aluminiamu vilivyoning'inizwa juu yake, ili mnyama aonje kwa ulimi, mahali pasipo manyoya ya kumkinga. Ila udongo ukikauka sana mshtuko hupungua nguvu.

Ua na usimame kabla ya mbegu kuota, kwani ayala aliyekwisha kuizoea njia ni vigumu kumwachisha. Ncha za chuma juu ya ua nazikataa kabisa, maana humpasua tumbo anayeruka. Na wavu mwembamba ufungwe vitambaa vyeupe, asije akaukimbilia gizani bila kuuona.