Istilahi za Picha za Utendaji wa Ubongo

Neno "picha" limezoeleka mno hospitalini, hata mfasiri huweza kulitumia bila kujiuliza ni picha ya kitu gani. Eksirei huonyesha umbo la mifupa. Tomografia ya positroni, ambayo kifupi chake cha kimataifa ni PET, huonyesha utendaji wa kiungo. Ubongo waweza kuonekana mzima kwa umbo, ilhali kazi yake imekwisha kuharibika.

Katika uchunguzi huu mtu hudungwa kiasi kidogo mno cha kemikali iliyofungamanishwa na atomu nururifu, kama vile kaboni-11 au florini-18. Atomu hiyo hutoa positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na miali miwili ya gama hutoka kuelekea pande mbili zinazopingana. Mashine hunasa miali hiyo, na kompyuta hukokotoa mahali ilikotoka.

Kemikali hiyo yafaa iitwe "kifuatilio". Isiitwe "dawa", kwa kuwa haikukusudiwa kuponya. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa anadungwa dawa atatarajia nafuu, na ridhaa yake itakuwa imejengwa juu ya neno lisilo sahihi.

Istilahi ya pili ni "kipokezi", yaani sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali. Mwaka 1988 Lars Farde na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitumia raklopridi yenye kaboni-11 kuchunguza wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa wakitibiwa. Waliona kwamba dozi za kawaida za dawa zilikalia asilimia 65 hadi 85 ya vipokezi vya dopamini vya aina ya D2. Hali hiyo tunaweza kuiita "ukaliaji". Dawa ikikalia vipokezi, kifuatilio hukosa nafasi, na picha hufifia.

Hapa ndipo penye hatari ya kupotosha. Kwa raklopridi, kufifia huko huonyesha kwamba dawa imefika ubongoni. Lakini katika ugonjwa wa Parkinson, kifuatilio kikiwa ni florodopa, kufifia huashiria upungufu wa neva zinazotengeneza dopamini. Basi mfasiri ataje kwanza kifuatilio kilichotumika, kisha kinachofuatiliwa, ndipo aeleze maana ya mng'ao au ufifiaji. Akiyaacha hayo, daktari na mgonjwa watasoma sentensi moja na kuelewa mambo mawili.