Kundi Lenye Admini Aliyelala

Kundi la WhatsApp la kamati ya harusi huanza na hongera na picha za maua. Wiki mbili baadaye, saa tano usiku, mtu anaandika: "Michango ya wengine tutaipokea bwana harusi akishapata wajukuu." Anatania. Shemeji yake haoni utani, anajibu kwa ukali. Mjomba anajitoa kundini. Admini amelala, akiamka anakuta ujumbe mia mbili na kamati vipande vipande.

Wepesi wetu ni kusema watu hawana malezi. Lakini watu hao hao wakikutana msibani kesho watapeana mikono na kupishana viti. Kilichobadilika ni mahali wanapozungumzia.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli, waliwaweka watu 142 wawili wawili, wajadiliane kwa kuandikiana kwenye kompyuta. Baadhi walijuana majina, baadhi hawakujuana. Baadhi walionana, wengine hata macho yao yalikutana kupitia kamera. Wengi wangedhani kuficha jina ndiko kunakoleta matusi. Matokeo yalielekeza kidole kwingine: kutotazamana machoni ndiko kulikochochea ukali zaidi. Ndiyo maana hata kundi la ndugu, wanaojuana hadi majina ya utotoni, huweza kuwaka moto. Barazani, jicho la mwenzio hukukatisha sentensi kabla haijaisha. Kwenye simu hakuna jicho.

Sauti nayo haipo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, mtafiti Justin Kruger na wenzake waliwapa watu sentensi za kweli na za kejeli wawapelekee wenzao. Waandishi wa barua pepe walitarajia kueleweka mara 78 katika kila 100. Walieleweka mara 56, na anayebahatisha tu angepata 50. Mtani huisikia sauti yake kichwani anapoandika. Msomaji hupokea herufi tupu.

Kisha huja uambukizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell waliwaalika watu 667 kujadili habari. Baadhi walipewa kwanza mtihani mgumu wa kuwakera, na baadhi walikuta mjadala umeshafunguliwa kwa maneno ya uchokozi. Kwa waliokuwa watulivu na wakakuta mjadala safi, maoni 35 katika 100 yalikuwa ya uchokozi. Kwa waliokerwa na pia wakakuta uchafu, yalifika 68. Watu walikuwa wa kawaida tu. Neno la kwanza ndilo ufa. Wanaofuata hubomoa ukuta.

Je, kundi lisilo na mlinzi wa kudumu lifanyeje? Mtafiti J. Nathan Matias alilijaribu jambo hili katika kundi la sayansi la mtandao wa Reddit, lililokuwa na wafuatiliaji zaidi ya milioni 13. Juu ya baadhi ya mijadala, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, zilibandikwa kanuni za kundi. Mingine iliachwa bila tangazo. Penye tangazo, uwezekano wa mgeni kufuata kanuni ulipanda kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia. Nao wageni hawakukimbia: waliochangia waliongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Mtu akijua mwiko wa nyumba, huingia bila hofu.

Kwa hiyo kazi kubwa ya admini hufanyika kabla ya ugomvi. Abandike juu ya kundi mistari mitatu: hapa tunazungumzia harusi, madai ya michango ni kwa mweka hazina faraghani, na mwenye hasira asubiri asubuhi. Kanuni hizo hazilali.

Na mtani wetu wa saa tano usiku? Angebonyeza kitufe cha maikrofoni. Shemeji angesikia kicheko kabla ya maneno kuisha.