Unaenda likizo kisiwani? Pakia chandarua kwanza

Likizo ya Desemba inapokaribia, mitaa ya Nairobi huanza kufunga mizigo. Katika vijiji vya Kibera kama vile Soweto East, Makina na Laini Saba, na hata kule Kawangware, utawaona wazazi wakinunua mabegi na viatu vya watoto tayari kwa safari. Kuna wanaoelekea Mombasa, mji ambao wengi husahau kwamba ni kisiwa. Kuna wanaokwenda kwa jamaa zao Lamu au Unguja. Na wapo wanaokwenda nyumbani magharibi, hadi visiwa vya Rusinga na Mfangano katika Ziwa Victoria.

Begi hujazwa nguo mpya, sukari, majani ya chai na zawadi za nyanya. Kinachosahauliwa mara nyingi ni kile kinachoweza kumwokoa mtoto, yaani kinga dhidi ya mbu. Mkazi wa Nairobi ana sababu kubwa ya kuogopa malaria kuliko hata wenyeji anaokwenda kuwatembelea.

Mtoto wa Nairobi hana kinga

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katika baridi ya namna hii, kijidudu cha malaria hukua polepole mno ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Isitoshe, mbu wengi wanaotusumbua mitaani ni wa aina nyingine, wanaozaana katika mitaro ya maji machafu. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa na mbu Kibera usiku kucha na asipate malaria.

Mambo ni tofauti penye joto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipata viini vya malaria kwa takriban watoto 19 katika kila 100 waliopimwa eneo la ziwa, na 5 katika kila 100 kule Pwani. Unguja na Pemba zimeupunguza sana ugonjwa huu, lakini haujaisha.

Mtu aliyekulia Mfangano ameumwa na mbu wa malaria tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana na ugonjwa huo. Hata hivyo, kinga hiyo si ya kudumu. Akikaa Nairobi miaka mingi bila kuambukizwa, hupungua. Baba aliyeondoka Rusinga miaka kumi iliyopita asijidanganye kwamba yeye na malaria wamezoeana.

Mwanawe aliyezaliwa Soweto East hana kinga hiyo hata kidogo. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019 ilielekezwa kwa watoto wa magharibi ya nchi, si wa Nairobi. Hivyo binamu wawili wanaweza kulala kwenye mkeka mmoja na kuumwa na mbu yule yule, wa kisiwani akapata homa kidogo, na wa Nairobi akazidiwa kwa siku mbili au tatu tu.

Vitu vya kupakia

Cha kwanza ni chandarua kilichotiwa dawa, na kiwe cha kutosha watoto wote wanaolala pamoja. Usitegemee kwamba wenyeji wako watakuwa na cha ziada, kwa maana wageni wakija, vyandarua vya nyumba havitoshi. Ongeza kamba na misumari michache ya kukitundikia. Chandarua kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa, kisianikwe juani.

Pakia pia shati la mikono mirefu na suruali kwa kila mtu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na ni wakati huo ambapo wageni hukaa nje kupunga upepo. Mafuta ya kufukuza mbu yanasaidia, lakini hayachukui nafasi ya chandarua.

Kuna pia vidonge vya kuzuia malaria. Muulize daktari au mfamasia mapema, si siku ya kupanda basi, kwa kuwa dawa nyingine huanza kumezwa siku moja au mbili kabla ya safari na nyingine wiki mbili au zaidi. Baadhi huendelea kumezwa wiki nne baada ya kurudi. Si kila dawa inamfaa mtoto au mama mjamzito. Mama mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa selimundu wasisafiri kabla ya kuzungumza na daktari, kwa maana malaria huwashambulia vibaya zaidi.

Wanaotumia dawa kila siku, ziwe za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au virusi vya ukimwi, wachukue za kutosha safari nzima na za siku saba za ziada, maana basi hukwama na boti huahirishwa. Dawa hizo zikae katika mkoba wa mkononi, si katika begi linalotupwa chini ya basi. Insulini isiachwe penye joto. Pasipo na friji, iwekwe mahali pa kivuli ndani ya chombo cha udongo kinachopozwa kwa maji.

Kwa maradhi ya kuhara, beba pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Mtoto apewe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya au kula.

Jua nalo lisipuuzwe. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, watoto wavae kofia na wanywe maji mara kwa mara. Watu wenye ulemavu wa ngozi wahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua kila siku ya safari.

Anayekwenda Unguja kutoka Kenya abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016, cheti hicho hutumika maisha yote, kwa hivyo kitafute sandukuni kabla ya kuchanjwa upya.

Bahari si ziwa

Maji ya bahari hayana kichocho, lakini Ziwa Victoria linacho. Kijidudu chake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua ufukweni. Watoto waoge nyumbani kwa maji yaliyotekwa na kuachwa angalau siku nzima, au yaliyochemshwa. Waliokwisha kuingia ziwani wamweleze daktari, kwa kuwa dawa ipo. Ziwani au baharini, usikubali kupanda boti isiyo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, mtoto mdogo akiwamo.

Pwani kuna pia mbu anayeuma mchana, ambaye huzaana katika mapipa na mitungi ya maji safi. Ndiye aliyeeneza homa ya chikungunya Lamu mwaka 2004, ambapo wakazi wengi wa kisiwa waliambukizwa. Pia hueneza homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mwaka 2013. Chandarua cha usiku hakimzuii mbu huyo, kwa hivyo funika maji na upake mafuta hata mchana. Ukipata homa na maumivu makali ya viungo, tumia parasetamoli na umwone daktari, wala usimeze aspirini, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Hatari huja baada ya kurudi

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa, na wakati mwingine hata mwezi mmoja au zaidi. Mtoto anaweza kucheza kisiwani wiki mbili akiwa mzima, kisha akachemka mwili akiwa tayari amerudi shuleni Januari. Mama hudhani ni mafua. Mhudumu wa afya asipoambiwa kuhusu safari, huenda naye akafikiria homa ya matumbo, ambayo ni ya kawaida Kibera. Siku mbili hupotea hivyo, na kwa mtoto asiye na kinga, siku mbili ni nyingi.

Mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya safari, mpeleke siku hiyo hiyo, iwe ni zahanati ya mtaani au Hospitali ya Mbagathi, na jambo la kwanza useme: "Tulikuwa kisiwani." Taja kisiwa na siku mliyorudi. Kisha uombe damu ipimwe malaria. Akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua kwa shida au akiwa mgumu kuamka, usingoje kupambazuke.

Usinunue dawa dukani bila kipimo, wala usimgawie mtoto vidonge vilivyobaki vya jirani. Akipatikana na malaria, dawa inayotumika sana Kenya humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula. Ni lazima amalize zote hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.

Gharama ya chandarua ni ndogo ikilinganishwa na nauli ya familia nzima. Kikunje vizuri, ukiweke juu kabisa ya begi, kwa maana ndicho mtakachokihitaji usiku wa kwanza. Safari njema.