Sarafu ya Anna Kumi

Kila ami Aziz anapopita Kawa na msafara wake, nyumba ya akina Yusuf hubadilika. Jikoni hunukia vyakula visivyoonekana siku nyingine, na mtoto huisubiri saa ya kuagana, maana mgeni huyu haondoki bila kumwachia sarafu ya anna kumi. Yusuf ana miaka 12. Kwake yeye, Aziz ni manukato na ukarimu.

Ndivyo inavyoanza *Paradise*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitoka mwaka 1994, na tangu 2022 inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam.

Siku moja Yusuf anapandishwa treni pamoja na Aziz. Anadhani anakwenda kutembea. Msomaji mtu mzima, anayeiona hoteli ya baba yake Yusuf ikikosa wateja na anayejua jinsi wenye hoteli huzama katika madeni, anaanza kuingiwa na wasiwasi.

Ukweli unatoka kinywani mwa Khalil, kijana anayeuza katika duka la Aziz. Aziz si ami yake, anamwambia Yusuf. Ni Seyyid, yaani bwana, na baba yake Yusuf anadaiwa naye. Yusuf amewekwa rehani, kama Khalil mwenyewe alivyowekwa.

Utamu wa riwaya hii umo katika mwanya kati ya anachokiona mtoto na anachokijua msomaji. Msimulizi anatumia nafsi ya tatu na lugha pevu, lakini macho ni ya mtoto. Hatuhubiriwi kuhusu utumwa wa madeni. Tunaona mbwa wanaomtisha Yusuf usiku anapolala barazani, na bustani nzuri ya tajiri anayoitamani.

Jicho hilo halibaki la kitoto mpaka mwisho. Yusuf anakua, anafuata msafara hadi bara chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, huku utawala wa Wajerumani ukizidi kuikaza nchi. Njiani watu wazima husimuliana visa vyao, naye husikiliza. Sasa anaelewa mengi, ila uwezo wa kuyabadili hana.

Inafaa kuirudia sura ya kwanza baada ya kumaliza kitabu. Chakula ni kilekile, na sarafu ni ileile ya anna kumi, ila safari hii msomaji anajua kwamba anayeipokea ndiye atakayelipa deni.